Kwa Mama Daktari, Aliyeishusha Kazi Yangu

Mpendwa Mama Daktari,

Shikamoo. Naanza na salamu hiyo kwa makusudi, maana ndiyo iliyotufanya tucheke mara ya kwanza. Nilifika kituoni Msambweni na bahasha ya vyeti kwapani, buibui langu limejaa vumbi la barabarani, nikakukuta umeinama kwenye pipa la maji unachota viluwiluwi vya mbu kwa kijiko. Nikakuamkia. Ukainua kichwa, ukanijibu kwa furaha kabisa, "Mzuri sana, na wewe?" Bawabu akageukia ukutani asionekane anacheka. Nikakwambia taratibu, "Hapana, Daktari, shikamoo hujibiwa marahaba." Ukasema, "Marahaba," kama mtu anayeonja chakula kigeni, kisha ukaongeza, "Haya, kuja ndani." Kwetu Mwabungo mtu akisema "kuja" mahali pa "njoo", hata mtoto hujua kwamba mgeni huyu ametoka bara. Lakini nilikuja.

Nimerudi juzi kutoka mazikoni kwako. Watu walikuwa wengi na wasemaji walikuwa wamepangwa tangu asubuhi, mimi sikuwamo. Basi nimeona niyaandike haya, tena niyaandike wazi, kwa sababu vijana wanaofanya kazi kituoni siku hizi wamesikia nusu ya habari yetu, na nusu waliyoisikia inakufanya wewe kuwa mbaya na mimi kuwa malaika. Hapakuwa na malaika pale. Palikuwa na mbu wengi, kompyuta moja, na watu watatu waliokuwa na haraka.

Wewe ulikuwa mkuu wetu, Daktari Mueni, mwanamke wa Kikamba uliyesomea wadudu mpaka ukaitwa daktari, na kila wiki ulilazimika kumweleza mtu mwingine langoni kwamba hudungi sindano. Onyango, aliyetoka Kisumu, ndiye aliyesimamia kompyuta. Na mimi, Mejumaa, nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Nairobi na kurudi nyumbani na swali moja: kwa nini visima vyetu vinageuka chumvi?

Mama yangu, Bi Saumu, alikuwa akipika chai kwa maji ya kisima cha uani tangu alipoolewa. Mwaka niliorudi, chai ile ilikuwa hainyweki. Jirani mmoja alisema ni visima virefu vya mahoteli, mwingine akasema ni dhambi zetu. Mimi nilitaka kujua maji ya bahari yanavyopenya chini ya mwamba wa matumbawe, yamefika wapi, na yanakwenda kwa kasi gani. Hesabu zake zilikuwa kubwa, hazifanyiki kwa mkono, na kompyuta ya kuziweza kwa upande wetu huu wote ilikuwa hiyo yenu. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Hiyo maji yako mimi sielewi. Lakini kiti kiko, kompyuta iko. Keti."

Kituo kilikuwa cha mbu na homa. Hukuwa na sababu yoyote ya kunipa kiti.

Nilikaa ubavuni pako mwaka mzima na zaidi. Nakumbuka ulivyokuwa ukihesabu mbu chini ya lenzi huku ukiimba nyimbo za kanisani kwenu kwa Kikamba, na adhana ikitoka unanyamaza mpaka imalizike. Nilidhani ni heshima, nikakushukuru. Ukanijibu, "Heshima ipo, lakini pia huyo mwadhini ananipoteza hesabu." Nakumbuka Ramadhani ile nilipokufumania ghalani, umejificha nyuma ya vyandarua, unatafuna mahamri kama mwizi. Nikakwambia, "Mama, kula mezani. Swaumu ni yangu, si yako." Ukasema huwezi kula mbele ya mtoto mwenye njaa. Hapo ndipo nilipoanza kukuita Mama na kulisahau jina lako.

Na ndiwe uliyenifundisha ile mashine. Ilikuwa kompyuta moja yenye skrini tatu, na kazi zetu zote zilipita kwenye ubongo huo mmoja. Ulinieleza kwamba haifanyi kazi mbili kwa pamoja kama tunavyodhani. Inagusa ya huyu kidogo, ya yule kidogo, kwa wepesi ambao kila mmoja anajiona yuko peke yake. Na kila kazi inayokwenda ina namba yake ya upole. Ikianza ni sifuri. Namba ikipanda, kazi inakuwa mpole zaidi, inawapisha wenziwe, na mwisho wa upole ni kumi na tisa. Iko amri ya kuibadili namba hiyo kazi ikiwa safarini, bila kuizima, nayo huitwa renice. "Kazi haikufi," ulisema kwa Kiswahili chako. "Inakaa nyuma tu."

Ukaniambia na sharti lake. Mtumiaji wa kawaida anaweza kuishusha kazi yake mwenyewe, lakini akishaishusha hawezi kuirudisha, wala hawezi kugusa ya mwenziwe. Mambo hayo ni ya msimamizi. Wasimamizi walikuwa wawili, wewe na Onyango.

Kisha kikaja kile chuo cha ng'ambo kilichotafuta wanafunzi wa mambo ya maji. Tangazo lake ulilileta wewe mwenyewe kutoka Mombasa, umelikunja ndani ya Biblia lisilowe. Walitaka matokeo kamili, si ahadi, na walitaka yafike kabla ya mwezi kwisha. Ulisoma maombi yangu mara mbili, ukakata maneno ya kujinyenyekeza yote. "Usijipige magoti hapa," ulisema. "Sema umefanya nini." Nyumbani, Mama alikuwa ameshawatangazia Mwabungo nzima. Shangazi zangu walianza kuniuliza kama huko ng'ambo kuna nazi.

Ndipo mvua zikaja. Huhitaji kukumbushwa mvua za mwaka ule. Vijito vya nyuma ya Kwale viligeuka mito, barabara ya Kinango ikakatika vipande, na mitungi yako ya kupimia mvua ikafurika mpaka ukawa unapimia ndoo. Ulijua kitakachofuata. Maji yakituama, mbu huzaa, na homa hufuata, tena kule kwenye nchi kavu ambako watu hawajaizoea. Ulikuwa na hesabu zako za kukisia ni vijiji gani vitashikwa kwanza, na watu wa afya walikuwa wakikungojea uwaambie pa kupeleka dawa kabla barabara haijafungwa kabisa. Mimi nami nilikuwa nimeanzisha hesabu zangu za mwisho. Kompyuta moja.

Mwanzoni mistari ya matokeo yangu ilikuwa ikishuka kwenye skrini moja baada ya nyingine, nami nikaenda nyumbani na moyo mweupe. Siku chache baadaye mistari ilianza kusuasua. Nikinywa chai na kurudi, umeongezeka mmoja. Nililaumu unyevu. Nilimlaumu Onyango moyoni, nikidhani ameijaza mashine na michezo yake ya karata. Asubuhi moja nilikuuliza, "Mama, mbona hesabu zangu hazisogei?" Ulikuwa umesimama mlangoni unaitazama mvua. Hukugeuka. Ulisema, "Vumilia. Mashine imechoka, na sisi tumechoka."

Nikavumilia, kwa kuwa umesema wewe.

Siku niliyogundua, Onyango alikuwa amekwenda kutafuta dizeli ya jenereta na wewe ulikuwa nje na watu wa afya. Niliiomba mashine inionyeshe kazi zote zinazokwenda, nipate kujua ni ipi inayoilemea. Zako zilikuwa nyingi, kila moja ina sifuri. Yangu ilikuwa chini kabisa, na mbele yake imeandikwa kumi na tisa.

Nilidhani macho yamenidanganya. Nikaandika ile amri uliyonifundisha, nikaomba kazi yangu irudi sifuri. Mashine ikanijibu kwa Kiingereza chake kifupi kwamba sina ruhusa. Nikaandika tena polepole, nikidhani nimekosea herufi. Sina ruhusa. Kuizima na kuianza upya kungenipotezea yote yaliyokwisha kuhesabiwa. Nikakaa pale na mikono mapajani mpaka Onyango aliporudi, suruali imemganda matope mpaka magotini.

"Onyango, umeishusha kazi yangu?"

"Kazi gani?" Akainama, akatazama skrini. "Hii si mimi, Meju. Haki ya Mungu, sijaigusa."

"Basi ni nani?"

"Wenye ruhusa tuko wawili. Usinifanye niseme."

"Irudishe."

Alikaa, akaandika, na namba ikawa sifuri. Mistari ikaanza kushuka tena mbele ya macho yetu, upesi, kama kwamba hapakutokea kitu. Lakini nilikuwa nimeshapiga hesabu ya siku zilizobaki, na zilikuwa hazitoshi.

Nilikukuta barazani, miguu yako imelowa, ramani ya Kinango umeibandika mezani kwa mawe manne isipeperuke. Wale watu wa afya walikuwa wameshaondoka. Nikakuuliza maneno mawili tu: "Ni wewe?"

Hukujifanya hujui ninachouliza. Kila mara nikiisimulia habari hii huwa nalisema hilo kwanza. Ungeweza kumsingizia Onyango, ungeweza kuisingizia mashine. Ulinitazama usoni, ukasema, "Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Watoto wataumwa huko, Mejumaa. Nikichelewa, dawa itapelekwa pahali mbaya. Wewe ni kijana. Shule itakuja ingine."

"Ungeniomba, Mama."

"Na ungekataa?"

"Hukunipa nafasi ya kujua."

Nilikusanya vitu vyangu, mwavuli na chupa zangu za maji ya visima, nikaenda zangu huku mvua inanyesha na mwavuli sijaufungua.

Matokeo yangu yalikamilika baada ya mwezi kwisha. Nilikuwa nimeshatuma nusu. Jibu lilikuja fupi, la adabu, la kunikatalia. Mama alilipokea kwa utulivu kuliko mimi. Shangazi zangu waliacha kuuliza habari za nazi.

Lakini kuna jambo ambalo sijui kama uliwahi kuambiwa, nalo ni mojawapo ya yanayonifanya niandike. Miaka mingi baadaye nilikaa kwenye harusi moja hapo Ukunda na muuguzi aliyekuwa zahanati moja ya upande wa Kinango mwaka ule wa mvua. Aliniambia kwamba kwake dawa zilifika kabla ya homa, tena hakujua ni nani aliyekisia. "Zilikuja kwa trekta," alisema, "siku ya pili daraja likaenda na maji." Alikuwa akila biriani, akilisimulia kama jambo la kawaida. Nilimwomba anieleze tena. Sikumwambia kitu, ila nilipofika nyumbani nilikupigia simu, na nadhani unakumbuka kwamba siku ile nilikuuliza tu habari za mbuzi uliowafuga kwenu Ukambani baada ya kustaafu. Nilikuwa nimeogopa kwamba nikilitamka nitaonekana nimesema ulikuwa na haki ya kunifanyia vile. Sasa nalitamka. Dawa zilifika, Mama. Namba zako zilikuwa sawa.

Nitarudi nyuma kidogo.

Nilikaa Mwabungo majuma kadhaa nikikuna nazi na kununa. Sikutaka kusikia jina la Msambweni. Mama alijua yote, maana nilikuwa nimemwaga yote siku ya kwanza, na hakunena neno juu yako, jema wala baya. Mvua ilipopungua, asubuhi moja nikiwa jikoni, nikasikia hodi ya sauti ninayoijua.

Ulikuwa umetembea kutoka barabara kuu, viatu mkononi, matope mpaka kwenye shingo za miguu. Nilijibanza nyuma ya mlango wa jiko. Ulimwamkia Mama shikamoo, ingawa umri wenu ulikuwa mmoja, na Mama akastahi akakujibu marahaba. Akakutandikia mkeka, akakuletea chai. Ulipiga funda la kwanza, nikakuona unasita. Hukuwahi kuionja chai ile. Mwaka mzima nilikuwa nikikueleza habari za chumvi kwa michoro na tarakimu, wala hatukuwahi kukuonjesha.

"Hii chai…" ulianza.

"Ndiyo hiyo kazi ya mwanangu," Mama akasema.

Ukainywa. Ukainywa yote, kikombe kizima, na Mama akikutazama. Kisha ukakiweka chini, ukasema, "Mama Mejumaa, nimekuja kuomba msamaha. Nilimnyima mtoto wako nafasi yake, tena nikafanya kwa siri."

"Nimesikia ilikuwa kwa ajili ya wagonjwa."

"Kazi ilikuwa ya wagonjwa. Siri ilikuwa yangu. Niliogopa akikataa, nitafanya nini."

Mama alikigeuzageuza kile kikombe kitupu. Nilimjua, nikajua anatafuta neno. "Mimi sina cha kukusamehe, Daktari," akasema mwishowe. "Mwenyewe huyo hapo nyuma ya mlango. Lakini nitakwambia jambo moja. Kama ungemwomba, na akakataa kuwapisha watoto wanaoumwa, basi ungeniletea mimi. Ningemchapa hapa hapa uani, na ukubwa wake huo."

Nikajikuta nacheka kule jikoni, na nilikuwa nimeapa sitacheka. Ndipo nikatoka.

Sikukusamehe siku ile. Ulinieleza kwamba umewaandikia wale wa ng'ambo kuwa ucheleweshaji ni wako, nami nikakwambia hawatajali, na kweli hawakujali. Ukaniomba nirudi kituoni. Niligeuka nikaenda kupakua chakula. Ulikula wali na mchuzi wa kunde kwetu, ukaenda zako.

Nilikwenda Msambweni baadaye kuchukua daftari zangu, si kurudi. Nilimkuta Onyango peke yake, na kabla hata sijaketi akaniambia, "Umesikia? Mama amejivua. Amenilazimisha nibadili neno la siri la msimamizi, na ameniapisha nisimwambie, hata akinifokea. Sasa ni mtumiaji wa kawaida kama wewe. Juzi alisahau, akajaribu kuishusha kazi ya kijana mmoja mgeni. Mashine ikamkatalia. Alivyoitazama, Meju! Kama mbuzi aliyefungiwa mlango wa jiko."

"Akafanya nini?"

"Akainuka, akamfuata yule kijana, akamwomba."

Nilikaa. Nilifungua daftari nijifanye natafuta ukurasa. Jioni ile nilirudi nyumbani bila kubeba chochote, na kesho yake nilikuwa kitini mwangu.

Halikuwa jambo jepesi, si kwako wala kwangu. Ulikuwa mkuu, umezoea kuagiza. Mimi nilikuwa nimeumia, nimezoea kununa. Tulisalimiana vizuri, tukala pamoja, ila nilikuwa sikuiti Mama. Nilikuita Daktari, na kila nikilitamka nilikuona umelisikia.

Kisha siku moja, wakati wa chai ya saa nne, ulikuja ukasimama mbele ya meza yangu. Onyango alikuwepo, akaanza kuuchunguza mkate wake. Ulisema, "Mejumaa, naomba unipishe leo. Mpaka kesho asubuhi. Ukisema hapana, nitangoja."

Nami nilitaka kusema hapana. Sikuwa na haraka yoyote wiki ile. Nilitaka tu kulisema, nilione linavyotua. Mwanamke wa umri wa mama yangu, mwenye watu na magari na barua za wizara mezani, amesimama mbele yangu anangoja neno langu. Nikasema, "Acha nifikirie." Ukasema, "Sawa," ukaenda kwenye lenzi yako. Asubuhi ile hukuimba.

Nilifikiri. Ningependa kuandika kwamba niliwafikiria wagonjwa. Ukweli ni kwamba nilikufikiria wewe, jinsi ulivyokuwa ukiogopa jibu langu na bado ukauliza. Nikaandika amri ile kwa mkono wangu mwenyewe: renice, kumi na tisa, na namba ya kazi yangu. Mara hii mashine haikunikatalia. Nikaja nikasimama nyuma yako.

"Nimekupisha, Mama."

"Ahsante," ulisema. Ukavua miwani yako ukaifuta kwa pindo la koti, na ilikuwa safi. Muda si mrefu nikasikia wimbo.

Kesho yake nilipofika, kazi yangu ilikuwa imesharudi mahali pake. Onyango aliniambia ulimfuata alfajiri kabla hajavua kofia: "Mrudishie mtoto."

Baada ya hapo ikawa ndiyo desturi ya kituo. Kila asubuhi, kwenye chai, mtu alisema ana haraka gani na kwa nini, na wengine wakapisha au wakakataa. Kulikuwa na siku tulizogombana mpaka chai ikapoa. Kuna siku mimi nilikukatalia, na ukangoja kweli. Mwaka uliofuata nilipata nafasi katika chuo kingine, na wewe ndiwe uliyenisindikiza Mombasa, ukanibebea sanduku na kunikemea kwa kuweka nguo nyepesi. Niliporudi, wazee wa Mwabungo walizitumia hesabu zangu kuchimba kisima kipya mbali na ufuo. Mama aliwahi kukupelekea chupa ya maji ya kisima hicho mpaka Ukambani, sijui kama bado iko kabatini mwako.

Sasa na mimi ni mkuu wa ofisi, Mama. Nina vijana chini yangu, na nina ruhusa ya kufanya mambo mengi bila kumuuliza mtu. Ndipo nilipokuelewa, zaidi ya nilivyokuelewa siku ile barazani. Ni rahisi mno. Huna haja ya kumchukia mtu ili umrudishe nyuma. Unaweza kumpenda kabisa, ukaona haja iliyo kubwa kuliko yake, ukachoka, ukanyoosha mkono. Na haja inaweza kuwa ya kweli. Sitasema kwamba ulikuwa na haki, maana hukuwa nayo, na wewe mwenyewe ungenikemea nikisema hivyo leo kwa kuwa umekufa. Ila nasema kwamba sijawahi kumwona mkubwa mwingine aliyejinyang'anya ufunguo kwa mkono wake na kuukabidhi kwa mdogo wake.

Nikwambie ya mazikoni, kwa kuwa ungecheka.

Nilikwenda na Onyango. Ameota mvi siku hizi, na bado anachelewa. Tulikaa pembeni, mimi na mtandio wangu, Mwislamu peke yangu katika umati ule, chini ya turubai. Watoto wako walisema, wakwe walisema. Kisha mchungaji wenu, mzee mwenye sauti kubwa, akasimama na kusema kwamba ulipokuwa mgonjwa alikutembelea mara kwa mara, na siku moja ukamwambia neno alilolishangaa. "Marehemu dada yetu," alisema, "alizaliwa katika nyumba ya mzee wa kanisa. Lakini aliniambia kwamba mtu aliyemfundisha kuomba alikuwa binti wa Kiislamu kule Msambweni. Na nasikia binti huyo yuko nasi."

Watu wakasema Amina. Wakageuka wote kunitazama. Sikujua niweke wapi uso wangu. Mabega ya Onyango yalikuwa yakitikisika, na mpaka leo hajaniambia kama alikuwa akilia au akicheka. Bibi mmoja aliyekaa mbele yetu akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniuliza kwa upole ni sala gani hiyo tuliyokuwa tukiomba.

Nilitaka kumweleza habari za mashine na namba. Nikaona ni maneno mengi, na jeneza liko pale. Nikamwambia, "Alikuwa akisema: naomba unipishe leo. Ukisema hapana, nitangoja."

Bibi yule alifikiri kidogo, bado amenishika mkono. Kisha akaitikia kwa kichwa.

"Hiyo ni sala nzuri," akasema.

Buriani, Mama. Mola akupokee vyema, na ardhi ya kwenu iwe nyepesi juu yako.

Mwanao wa Mwabungo,
Mejumaa